Maji ya Mang Serapio

Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, Daktari Felisa Macaraeg alifanya kosa ambalo hata mtoto wa chekechea katika mji wetu asingelifanya: alitoka msibani akaenda nyumbani moja kwa moja.

Ukitoka kumtazama maiti, sharti upitie kwanza mahali pengine penye watu, iwe dukani au sokoni, ukae kidogo, unywe kitu, kisha uondoke bila kuaga. Kama kuna aliyekufuata, atabaki huko. Felisa alisema haamini jambo hilo, lakini katika miaka yake yote ya udaktari hakuwahi kulikiuka. Wengi wetu tuko hivyo.

Msiba ulikuwa wa Mang Serapio Deocareza, msuka kamba; kwetu mzee huitwa Mang, mama huitwa Aling, na kaka huitwa Kuya. Kazi yake ilikuwa ya maji: beseni liko kando ya goti, vidole vinachovya, nyuzi zinasokotwa zikiwa mbichi ili zisikatike. Kisha figo zake zikafa. Felisa, bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya mji wetu mdogo wa mkoa wa Sorsogon, Ufilipino, ndiye aliyempimia maji ya kunywa: glasi moja kwa siku, basi. Mara mbili kwa wiki mzee alipanda basi kwenda mji mkubwa kusafishwa damu kwa mashine. Kila alipokuja kliniki alibeba glasi yake, yenye picha ya jogoo mwekundu, ili daktari aikague.

"Itazame vizuri, Dokta," alikuwa akisema. "Kuku wangu anakunywa kuliko mimi, naye hata hatagi."

Sasa alikuwa amelala ndani ya jeneza sebuleni kwake, na glasi ya jogoo imefunikwa juu ya kioo cha jeneza, upande wa uso. Wacheza karata walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini uani. Felisa alikuwa ndio kwanza amepiga ishara ya msalaba simu yake ilipotetemeka. Ujumbe ulitoka Manila. Mahojiano yake, yaliyopangwa Alhamisi, yalikuwa yameletwa mbele. Yangefanyika leo, saa kumi alasiri.

Aliitazama saa, kisha akatoka mbio bila hata kumshika mkono mjane.

Nje alimkuta Kuya Temyong, dereva wa pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, akipepea uso kwa kofia.

"Tupitie wapi, Dokta?"

"Nyumbani."

"Nyumbani baada ya wapi?"

"Nyumbani, Kuya. Nina mahojiano ya masomo."

Temyong akaizima injini aliyokuwa ameiwasha. "Tusimame hata kwa Aling Bining, pale kwenye mikate. Unywe soda, tuondoke. Mimi nitalipa."

"Nikichelewa hawatanisubiri. Mwakani nitakuwa na miaka arobaini, na wao hawapokei mtu wa arobaini. Twende, tafadhali."

Temyong alijipiga msalaba, akaenda. Kwenye mlima wa kanisa injini ililia kama imebeba magunia. Walipofika, alipokea nauli huku akiitazama nafasi iliyo kando ya Felisa ndani ya kigari.

"Leo kimekuwa kizito," alisema.

"Nimenenepa, Kuya."

Temyong, mtu wa kucheka hata kanisani, hakucheka.

Felisa aliketi mbele ya kompyuta saa kumi kamili, blauzi safi juu, chini bado sketi nyeusi ya msibani. Mumewe Isagani, mwalimu wa sekondari, aliweka glasi ya maji kando yake, akamchukua mama yake mzee, Nanay Puring, na binti yao Ningning, akawafungia jikoni. Nanay Puring alikuwa bado anauliza kwa sauti kwa nini mkwewe ameingia ndani na viatu vya msibani.

Kwenye kioo zikatokea nyuso tatu. Katikati alikuwa Daktari Villaluz, mkuu wa mafunzo ya ubingwa bobezi wa figo. Kushoto mzee mmoja aliyekuwa anasinzia. Kulia kijana mwenye tabasamu pana.

"Ma'am Felisa! Hunikumbuki? Escandor! Nilipokuwa mwanafunzi wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano."

"Nakumbuka. Mikono ilikuwa inakutetemeka."

"Sasa haitetemeki. Na ukipita, utakuwa chini yangu."

Walicheka, naye Felisa akacheka pamoja nao kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya.

"Umekuwa daktari kamili kwa muda mrefu," alisema Villaluz. "Watu wanainuka ukipita. Huku utarudi kuwa mwanafunzi. Vijana wa miaka ishirini na minane watakutuma kahawa. Umelifikiria hilo?"

"Kahawa najua kuichemsha, Daktari."

"Na mshahara utakuwa kama nusu ya unaoupata. Kwa miaka miwili. Mumeo anasemaje?"

"Mume wangu ni mwalimu. Nusu ameizoea."

Hata mzee aliyekuwa anasinzia alitabasamu. Villaluz akafungua kinywa kuuliza jingine, akasita, akasogea karibu na kamera yake.

"Samahani. Utaratibu wetu ni kwamba mwombaji awe peke yake chumbani. Mwombe huyo mzee atupishe."

"Mzee yupi?"

"Huyo aliyekaa nyuma yako. Mwenye glasi."

Felisa akageuka. Kiti cha henzirani kilikuwa mahali pake, karibu na dirisha, na hapakuwa na mtu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea, nao ulikuwa ukiinuka polepole, kama mto unavyofanya mtu anapotoka juu yake. Aliporudisha macho mezani aliona glasi yake, ambayo hakuwa ameigusa. Ilikuwa tupu.

"Haya, amesogea," alisema Villaluz kwa utulivu. "Tuendelee. Kwa nini figo, na kwa nini sasa?"

Jibu la swali hilo Felisa alikuwa amelikariri kwa miezi, jibu zuri lenye wito na jamii na utumishi ndani yake. Lote lilimtoka kichwani. Shingo yake ilikuwa imepigwa na baridi, kama mtu anayepumuliwa kutokea kisimani.

"Nilikuwa na mgonjwa," alisema. "Mvua iliporomosha udongo barabarani, akakosa mashine kwa siku nyingi. Jioni yake ya mwisho wodini aliniomba maji. Nilimwambia, glasi yako ya leo umeshakunywa. Mpaka sasa sijui kama nilimkatalia kwa elimu au kwa mazoea. Nataka kujua ni lini maji yakatazwe, na ni lini mtu aachiwe anywe. Hilo tu. Sina jibu jingine."

Escandor alikuwa ameacha kutabasamu.

"Majibu utayapata Ijumaa," alisema Villaluz.

Asubuhi iliyofuata Nanay Puring alisimama katikati ya jikoni ameshika jagi.

"Nani kalimaliza hili? Nimelijaza mwenyewe kabla ya kulala."

Hakuna aliyejua. Alilijaza tena, wakaenda kanisani, sokoni na shuleni. Waliporudi lilikuwa tupu, na juu ya meza palikuwa na duara la maji, saizi ya kitako cha glasi. Alhamisi ilikuwa hivyohivyo. Birika likakauka. Chombo cha maua mbele ya sanamu ya Bikira kikakauka, na maua yenyewe yakiwa hayajanyauka. Kiti cha henzirani kililia mchana kweupe, kwa namna kinavyolia mtu anapobadilisha mkao.

Kisha yakaanza mambo ya kamba. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefumuka ncha tangu mwaka uliopita. Isagani alikuta imesokotwa upya, imekaza, ina umajimaji. Bembea ya Ningning ikakazwa. Kamba za viatu vyake vya shule, zilizokuwa kama mkia wa panya, zikawa na ncha nyembamba safi, mbichi bado.

"Nanay," Ningning alimwambia mama yake, "huyo fundi ataondoka lini? Viatu vyangu vinalowesha soksi."

Isagani alimleta padri. Padri alizunguka nyumba yote akinyunyiza na kuombea, akaacha bakuli la maji ya baraka mlangoni. Kabla hajavuka lango, bakuli lilikuwa limekauka. Padri aliligeuza, akalitazama chini, akamwambia Isagani, "Huyu alikuwa Mkristo mwema, naona," akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Ijumaa simu ya Felisa ikalia. Alikuwa Escandor.

"Ma'am, hongera. Umepita mahojiano. Yamebaki majaribio, wiki tatu, kazi ya zamu bila malipo, kama wote. Unaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Anayekosa siku ya kwanza, Daktari Villaluz humfuta. Hana msamaha, hata mama yako akiugua." Akashusha sauti. "Yule mzee alikuwa nani, Ma'am? Maana aliposogea, alisogea upande wako."

Felisa alikata simu.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki mkavu na wali, na hapakuwa na maji mezani. Nanay Puring alikuwa ameyafungia kabatini.

"Nimepita," Felisa alisema. "Nikifika Jumatatu, naanza majaribio. Nisipofika, basi tena, maisha yote."

Isagani aliweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe. "Utafika."

"Hafiki popote," alisema Nanay Puring.

"Nay, tulishakubaliana. Ningning ataangaliwa, mimi nipo, wewe upo."

"Manila simkatazi! Aende akatumwe kahawa na watoto, ni shauri lake. Ninachosema ni hiki: ameniletea mtu ndani ya nyumba, sasa anataka kupanda basi aniachie mgeni wake. Mimi ndiye nichote maji ya maiti kwa miaka miwili? Na mtoto alale chumba cha pili yake?" Akamgeukia mkwewe. "Mtu msomi wewe! Soda ya Aling Bining ingekupotezea nini?"

Kutoka sebuleni kiti cha henzirani kililia mara moja, polepole, kama mtu anayeegemea asikilize vizuri.

"Umemtoa kwake," Nanay Puring alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Mrudishe kwake. Hawajamzika, wanamsubiri binti aliyeko Qatar, anafika kesho usiku, wanazika Jumapili. Akishafukiwa akiwa hapa, binti yangu, ndio amehamia."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Felisa alisimama mbele ya kiti kitupu akiwa amevaa ile sketi nyeusi. Alijiona mpumbavu, lakini alizungumza.

"Mang Serapio, twende. Mkeo anakungoja."

Temyong alikuwa nje. Felisa alipanda kigari akajibana pembeni kabisa. Temyong alimtazama alivyokaa, akafuta kiti kilichobaki kwa kitambaa chake, kwa adabu, kisha akaendesha taratibu. Mlimani injini ililia. Nauli aliikataa.

Msibani wacheza karata walikuwa bado pale, wengine na mashati ya Jumanne. Mjane, Aling Consorcia, alikuwa kwenye benchi kando ya jeneza akiwagawia wageni kahawa na biskuti. Jumanne Felisa alimpita bila kumtazama. Leo alimtazama kwa jicho la kazi yake: midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiivuta inakawia kurudi, macho yamezama.

"Aling Consor, umekunywa maji leo?"

"Sina kiu, Dokta."

"Na jana?"

Mjane akapanga biskuti ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Watu wale kwanza. Mimi nitakunywa baadaye."

"Umeacha kunywa tangu lini?"

Mikono ya mwanamke yule ikasimama. Alitazama uani kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Nilimpa," alisema. "Alfajiri ile, wodini. Wewe ulishakwenda, nesi alikuwa upande wa pili. Alikuwa ananitazama tu, Dokta, haombi tena. Nikaenda bombani na glasi yake. Akamaliza, nikajaza. Akamaliza, nikajaza. Alicheka. Akaniambia, Consor, leo nimesokota kamba ndefu. Kabla ya mchana akafa." Akaushika mkono wa Felisa kwa nguvu. "Nimemuua? Kila anayekuja hapa ananiambia nilimtunza vizuri. Wewe unajua. Niambie wewe. Hakuna mwingine nitakayemwamini."

Felisa alifungua kinywa. Kuna jibu laini ambalo madaktari hutoa, naye alilijua, lakini nyuma yake hewa ilikuwa imepoa tena, na alihisi kwamba si mjane peke yake anayesubiri.

"Sitakudanganya," alisema. "Kwa mtu asiye na figo, maji yanaweza kuua. Ndiyo maana nilimpimia. Lakini sikiliza, Aling Consor. Alikosa mashine muda mrefu mno. Damu yake ilikuwa imejaa sumu, na moyo wake ulikuwa unapiga vibaya tangu jana yake; niliusikia mwenyewe kwa masikio yangu. Barabara haikufunguka. Asingeuona usiku wa siku ile, kwa maji wala bila maji. Pengine maji yalimpunguzia saa. Sijui ngapi. Sina elimu ya kukuambia ngapi. Lakini hizo saa zingekuwa za kiu."

Mjane hakumwachia mkono.

"Jioni ile mimi ndiye niliyekosea," Felisa akasema. "Nilikuwa bado nampimia mtu aliyekwisha kumaliza kupimwa. Ulichompa ndicho nilichopaswa kumpa mimi."

Kisha alifanya jambo ambalo si desturi. Aliinua glasi ya jogoo kutoka juu ya kioo cha jeneza, akaenda nayo jikoni, akarudi imejaa, akaiweka mikononi mwa Aling Consorcia.

Mwanamke yule alikunywa kwanza kwa woga, kisha kwa mikono miwili, maji yakimchirizika kidevuni hadi kwenye nguo nyeusi. Alipomeza funda la mwisho, wacheza karata wote walinyamaza kwa pamoja na kuinua vichwa. Mmoja alisema, "Nani kasema 'ahh'?" Wakatazamana.

Msibani hakuna kumsindikiza mgeni. Felisa alitoka peke yake, kama ipasavyo.

"Tupitie wapi?" Temyong aliuliza, japo alikuwa ameshageuza pikipiki.

"Kwa Aling Bining."

Duka la mikate lilikuwa limejaa watu wa saa ya chai. Felisa alipata meza ya dirishani, akaagiza mkate wa moto. Aling Bining, mwanamke mwenye unga hadi kwenye nyusi, alimletea mkate mmoja na glasi mbili za maji.

"Nimeagiza kwa mmoja, Aling Bining."

"Si mmeingia wawili? Nimemwona mzee akikufungulia mlango." Akaangaza huku na huku. "Au ameenda msalani."

Felisa alikula mkate wote. Alikunywa glasi yake hadi tone la mwisho. Kwenye ile ya pili hakutupa jicho. Akainuka, hakuaga, hakugeuka nyuma, akapanda kigari. Mlimani pikipiki ilipanda kama imepakia manyoya.

Jumapili asubuhi nyumba nzima ilisimama jikoni kutazama jagi. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Ningning alitumbukiza kidole kuhakikisha. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimekauka.

Felisa alimzika Mang Serapio pamoja na wengine, na kutoka makaburini alipitia sehemu tatu, kwa usalama. Jioni Nanay Puring alimfungia wali kwenye jani la mgomba na kumshikisha mlangoni.

"Huko utafiwa na wengi," alisema. "Kila siku ya kuja kwangu, pitia kwanza hata dukani. Nikisikia kiti kinalia, nakufungia nje wewe na ubingwa wako."

"Ndiyo, Nay."

"Na usikubali kutumwa kahawa mara mbili kwa siku."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa wodini Manila, na Escandor akamtuma kahawa. Alipita majaribio. Mwaka wa pili sasa anaumalizia, na wagonjwa wake husema ana tabia moja ya ajabu: kabla ya kumkatalia mtu maji huketi kwanza kitandani kwake, akamtazama kwa muda mrefu.

Aling Bining naye kila asubuhi hukuta glasi moja tupu kwenye meza ya dirishani, na vitanzi vya magunia yake ya unga vimesokotwa upya. Hajauliza. Huijaza tu, akaendelea na mikate.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, umekaa nasi msibani kwa Mang Serapio tangu mwanzo. Usiende na habari hii nyumbani kwako moja kwa moja. Pitia kwanza kwa jirani au kwa rafiki, uketi, umsimulie yote, kisha uondoke bila kuaga. Na akikuletea maji ya kunywa, mwambie alete glasi mbili.